Wauza spea, acheni kutuuzia filta za oili kwa kukadiria kwa macho!

Wakuu, leo sitamung'unya maneno. Kununua filta ya oili ya pikipiki ya zamani kumegeuka kamari. Ukifika dukani unaulizwa swali moja tu: "Boxer au TVS?" Ukijibu ni Honda XR250R ya miaka ya themanini, muuzaji anatumbukiza mkono kwenye boksi, anatoa kitu cha duara chenye karatasi, anakwambia "hii inaingia zote". Kuingia itaingia. Baada ya hapo oili inapita wapi, hilo halimhusu.

Nianze na wizi wa mchana kweupe: kumuuzia mwenye CG125 filta ya karatasi. Injini ya CG ya asili, iliyotoka Honda mwaka 1976 na kuigwa na viwanda vingi vya China, haina filta ya karatasi kabisa. Ina wavu wa chuma wa kuzuia vipande vikubwa, na ina kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ndani ya kava la klachi. Kikombe kinazunguka na krenki, uchafu unarushwa pembeni na kuganda ukutani, oili iliyobaki safi inaingia kwenye tundu la katikati. Hiyo ndiyo filta yake. Ukitaka kujua kama nakala yako ya CG imebadilishwa ikawekewa filta ya karatasi, tafuta kifuniko kidogo cha duara chenye bolti zake pembeni ya injini. Kama hakipo, usitoe hela yako kununua filta. Nunua gasketi ya kava.

Na kazi yenyewe mafundi wengi hawaifanyi. Wanamwaga oili, wanajaza takriban lita 0.9, "tayari bosi". Kikombe kinatakiwa kufunguliwa kila kilomita 12,000, na kwa bodaboda inayoshinda kwenye vumbi mimi ningesema nusu ya hapo. Mwaga oili, toa kiki, toa kava la kulia, fungua skrubu tatu za kifuniko cha kikombe. Utakuta tope jeusi gumu limeshika ukuta mzima. Likwangue kwa kijiti cha mbao, futa kwa kitambaa chenye petroli, na usipulize upepo kuelekea kwenye tundu la krenki! Uchafu ukiingia humo unaenda moja kwa moja kwenye bearing ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na ikianza kugonga hakuna gasketi itakayokuokoa. Ukishamaliza, safisha na wavu.

Mwenye Yamaha DT125 au AG100 ya tu-stroki ndiye anayenichekesha na kuniuma kwa pamoja. Hizo hazina filta ya oili ya injini. Oili ya tu-stroki inaungua pamoja na petroli, na ile ya gia inamwagwa tu na kujazwa upya. Ukiuziwa filta ya oili ya DT, rudisha siku hiyohiyo.

Sasa hizi zenye karatasi, ambako ndiko injini zinakofia. XR250R inatumia filta ya familia ya namba 15412-KF0 ya Honda, ambayo kwenye katalogi za HiFlo, kampuni ya kutengeneza filta, ni HF112. Namba ndiyo ya kufuata, siyo sura. Na msitegemee mwaka ulio kwenye kadi, maana mara nyingi ni wa usajili, pikipiki yenyewe ina umri zaidi. Angalia herufi za mwanzo za namba ya injini, zile ndizo zinazotaja modeli.

Kama namba haipatikani, nenda dukani na filta ya zamani na vernia (kipimo cha milimita chenye taya), siyo na picha kwenye simu. Pima urefu, kipenyo cha nje na kipenyo cha tundu. Filta ikiwa fupi hata kwa milimita chache, springi haiikandamizi vizuri na oili inapita pembeni bila kuchujwa. Tundu likilegea, matokeo ni hayohayo. Ikiwa ndefu, fundi analazimisha kifuniko kwa bolti, na hizo ni M6 (unene wa milimita 6) kwenye aluminiamu: nguvu ya kukaza ya Nm 10 hadi 12 inatosha, ukizidisha unang'oa nyuzi. Halafu minyaminya mikunjo ya karatasi. Ikiwa michache na gundi inaachia pembeni, hiyo ni feki.

Kufunga nako kuna mtihani wake. Springi inatangulia ndani, kisha filta, na upande wenye mpira na maandishi OUT-SIDE unatazama nje. Ukigeuza, njia ya oili inazibwa, na wa kwanza kulia ni kemshafti, shafti ya kufungua valvu, kule juu kichwani. Badilisha na oringi ya kifuniko. Ukiwasha, iache ingurume taratibu bila kuvuta mafuta, kisha fungua kifuniko cha valvu uone kama oili inafika kwenye roka, vile vikono vinavyosukuma valvu. Ikibaki kavu, zima.

Kwa wenye injini kubwa za filta ya kopo: nyuzi za M20x1.5 (kipenyo milimita 20, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5) ziko kwenye Honda, Kawasaki, Yamaha na Suzuki nyingi, kwa hiyo kopo kujifunga vizuri hakuthibitishi kitu. Kipenyo cha mpira na nafasi ya valvu ya ndani vinatofautiana, na kopo refu linaweza kugusa ekzosi. Hakikisha pia mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini, maana mipira miwili ikipandana oili yote inaishia barabarani.

Wenye Honda XL na XR msio na namba ya filta, wekeni hapa chini herufi za mwanzo tu za injini pamoja na vile vipimo vitatu, tuanze kulinganisha. Na wauzaji mliomo humu, mtueleze: kwa nini boksi lenye namba linatupwa na filta inabaki inaning'inia uchi ukutani?