Kutoka SX730 kwenda DSLR: 2000D mpya, 200D iliyotumika au D7200?

Mwenye uzi
Wakuu salaam. Natumia Canon SX730 HS, kamera ndogo ya mfukoni. Mchana, nje, haina shida. Ukumbini usiku, kwenye send-off na kitchen party, picha zinajaa chenga na anayecheza anatoka kama moshi. Nataka kuhamia DSLR, yaani kamera ya kubadilisha lenzi, na bajeti inaniruhusu moja kati ya hizi:
1. Canon 2000D mpya na lenzi yake ya 18-55
2. Canon 200D iliyotumika, na lenzi ya 50mm f/1.8 STM
3. Nikon D7200 iliyotumika, bodi tupu bila lenzi

Ipi? Na SX730 niiuze?

Kiwambo
Mkuu, angalia kwanza chenga zinatoka wapi. Sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya SX730 ni inchi 1/2.3, yaani takriban mm 6.2 kwa 4.6. Ya 2000D na 200D ni mm 22.3 kwa 14.9, kwa eneo inaizidi kama mara 12. Ila bodi peke yake haikuokoi. Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6 (namba ya f ni tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia). Tuseme ukumbi unadai shata 1/125 ya sekunde, f/5.6, ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kuhisi mwanga, ikipanda chenga zinaongezeka). Weka lenzi ya f/1.8, shata ileile, mwanga uleule: unashuka hadi karibu ISO 640. Hapo ndipo hela yako inapoonekana.

Namba 1 naiweka mkiani. Haina tundu la maiki, na kiatu chake cha flashi (pale juu inapochomekwa) hakina pini ya katikati, kwa hiyo triga za kuwasha flashi ya mbali na flashi nyingi za kampuni nyingine hazipigi. 250D nayo ina ugonjwa huohuo ingawa ni mpya kuliko 200D. 200D pini inayo.

FundiLenzi
Kwa picha tupu, D7200 inawaacha wote. Pointi za fokasi 51, wakati 200D kwenye kichungulio ina 9. Ina nafasi mbili za kadi: ukiamuru iandike kotekote, kadi moja ikifa shughuli ya watu haijapotea. Ina mota ya fokasi ndani ya bodi, hivyo lenzi za zamani za AF-D zinafanya kazi. Kwenye Nikon D3500 au D5600, zisizo na mota hiyo, fokasi utazungusha kwa mkono.

Ila "bodi tupu" ni mtego. Piga hesabu ya lenzi ya Nikon 35mm f/1.8G DX kabla hujalinganisha bei. Na kwenye video fokasi yake inaenda mbele inarudi nyuma ikitafuta, maharusi wameshapita. 200D ina mfumo wa fokasi wa Dual Pixel, inamfuata mtu taratibu, na skrini inageuka.

Mwenye uzi
Video naombwa mara nyingi, hasa keki na kuingia ukumbini. Hiyo 50mm haitanibana?

Kiwambo
Sebuleni itakubana. Kwenye sensa ya 200D, 50mm inaona kama 80mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame). Ukumbini ina nafasi, meza kuu utaipiga ukiwa umesimama mbali kidogo. Baadaye ongeza 24mm f/2.8 STM kwa vyumba vidogo.

Kitakachokusumbua zaidi ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali. Kwa 50mm, f/1.8, mtu akiwa mita 2, kinachotoka kikali ni kama sentimita 11 tu. Bibi harusi akisogea nusu hatua mbele ya bwana harusi, mmoja wao amefifia. Wawili piga f/2.8 hadi f/4, safu mbili tatu za ndugu nenda f/5.6 au f/8 na flashi.

Shata
Nyongeza ya flashi. Usimlenge mtu usoni, elekeza juu darini ili mwanga urudi laini. Lakini angalia mapambo kwanza: dari likiwa limefunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga unarudi zambarau na nyuso zote zinakuwa na rangi hiyo. Tafuta ukuta mweupe pembeni. Kwa flashi ya kawaida 200D usivuke 1/200, utapata utepe mweusi kwenye picha.

Bila flashi, ukiona mistari ya giza inapita kwenye picha, ni taa za LED zinapepesa. Umeme wetu ni wa 50Hz, jaribu 1/100 au 1/50.

TochiMkononi
Kabla hujatoa hela kwa muuzaji:

Piga ukuta mweupe kwa f/22, ISO 100, fokasi ikiwa imevurugwa makusudi. Madoa meusi yanayobaki palepale kila picha ni vumbi la sensa. Vumbi unaloliona kwenye kichungulio tu, picha haina, liache.

Vua lenzi, mulika tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, rudisha. Pwani huku ni balaa, ndiyo maana lenzi hulala kwenye kontena linalofunga, na silika jeli ndani.

Idadi ya kliki (picha ambazo kamera imeshapiga) usiitafute kwenye jina la faili, linaanza upya baada ya 9999. Nikon huiandika ndani ya picha yenyewe. 200D utahitaji kuichomeka kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma kliki.

Kamera ikileta Err 01 kwenye skrini, mara nyingi ni uchafu kwenye vile vidoti vya shaba kati ya lenzi na bodi. Futa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ikirudi, achana nayo.

Mwenye uzi
Nimeelewa, nakwenda na 200D. Na SX730?

FundiLenzi
Usiuze. Inavuta hadi sawa na 960mm. 200D ukiifunga 70-300 unaishia 480mm. Mikumi utaikumbuka. Kwenye 200D anza na M (unapanga shata na tundu mwenyewe), shata 1/125, f/2.8, ISO uiachie kamera, na hifadhi RAW pamoja na JPEG. RAW ni faili ghafi la picha, zito kuliko JPEG, na SX730 haikuwa nayo kabisa, kwa hiyo andaa kadi ya GB 64, na uijaze yote mara moja ukiwa nyumbani kisha ufungue mafaili kuona kama yote yanafunguka. Kadi bandia huandika 64 juu, ndani ni 8.