Tupeane uzoefu: Uliyetoka kwenye vepu za kutupa, ulihamia kifaa gani?

Mtoto wa Kinondoni
Wakuu, habari za wakati huu. Nipo Uingereza, Coventry. Kama mjuavyo, tangu tarehe 1 Juni 2025 vepu (sigara za kielektroniki) za kutumia na kutupa haziruhusiwi kuuzwa huku. Mimi nilitoka kwenye fegi nikaingia kwenye hizo, na zilinifaa: hujazi kitu, hubonyezi kitu, ikiisha unanunua nyingine. Sasa maduka yamejaa vile vile vya umbo la zamani, ila vimewekwa tundu la chaji na podi, kile kikasha cha juisi ya nikotini, inachomoka. Naona ni yale yale tu.

Nataka kupanda daraja, nipate kitu cha kudumu. Muuzaji ananisukumia lidude la betri mbili, wati 200, eti nikilichukua sitahangaika tena. Napiga kazi za usiku ghalani na mapumziko yetu ni ya kugusa na kuondoka. Mliopita njia hii leteni uzoefu. Mahubiri ya "acha kabisa" mama ananipa kila Jumapili kwa simu, yanatosha.

Dada Mkubwa Manchester
Karibu mdogo wangu. Wati ziache kwanza, jiulize unavutaje. Mtu wa sigara huvuta moshi ukakaa mdomoni, ndipo anaushusha kifuani. Vepu za kutupa nazo zilitengenezwa kwa mvuto huo huo wa kubana. Hilo lidude ni la kuvuta moja kwa moja hadi mapafuni, mtindo wa shisha, na wingu lake linafunika kituo cha basi. Wapo wanaolipenda, sikatai, lakini ni starehe nyingine kabisa na wala haina haraka. Wewe wa mapumziko mafupi utaishi nalo vipi?

La pili ni nikotini, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria ya huku inaishia miligramu 20 kwa mililita moja. Za kutupa nyingi zilikuwa kwenye hiyo 20, tena nikotini ya chumvi, ile isiyokwaruza koo. Kwenye mashine kubwa watu hutia 3, kwa sababu kila pumzi inabeba mvuke mwingi. Ukitia 20 humo, kichwa kitazunguka na kichefuchefu juu. Ukigeuza, ukatia 3 kwenye kipodi kidogo, utakinyonya tangu asubuhi mpaka usiku na hamu iko pale pale.

Mume wangu aliuziwa podi ndogo pamoja na chupa ya 3, muuzaji akamwambia "anza taratibu". Haikuisha wiki akawa ananuka sigara tena, anajificha nyuma ya nyumba kama mwanafunzi. Nikamtafutia koili, kile kijiwaya cha ndani kinachopasha juisi, ya ukinzani wa ohm 0.8 na nikotini ya chumvi ya 20, akatulia. Sasa hivi yupo kwenye 10, na kushuka huko ameshuka mwenyewe bila kusukumwa. Mimi natumia Caliburn ya Uwell, yeye ana XROS ya Vaporesso. Tunabishana kila siku ipi bora, na ukweli ni kwamba hazipishani sana: kifaa chembamba, betri ya ndani, podi unajaza kwa mkono wako.

Halafu pigeni hesabu mapema. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 kila mililita 10 za juisi zinabeba kodi ya pauni 2.20. Kifaa kinachokunywa juisi kama trekta kitakufilisi.

Mtoto wa Kinondoni
Dada, shikamoo, umenifungua macho. Swali: kuna jamaa kazini podi yake inatoa ladha ya kitambaa kilichoungua, na kaijaza juzi tu. Inakuwaje?

Fundi wa Luthuli
Niaje wadau. Mimi ni fundi wa simu hapa Nairobi, na siku hizi vepu nazo zinaletwa mezani kwangu. Ndani ya podi kuna waya au wavu mwembamba wa chuma uliozungukwa na pamba. Betri inapasha ule waya, pamba inaleta juisi, juisi inageuka mvuke. Juisi yenyewe ina vitu viwili vikuu: PG (propilini glikoli) ambayo ni nyepesi na VG (gliserini ya mimea) ambayo ni nzito. Podi ndogo ina vitundu vidogo vya kupitisha juisi, inataka nusu kwa nusu. Huyo jamaa muulize kama chupa yake si ya VG asilimia 70. Juisi nzito inachelewa kufika, waya unakuta pamba kavu, inaungua. Pamba ikishaungua hairudi, unabadilisha koili. Hata juisi ikiwa sawa, koili mpya ijaze kisha uiache dakika kumi hivi ndiyo uvute.

Sasa hayo madude ya betri za kuchomoa. Nyingi zinatumia 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65. Betri ya ukweli ya saizi hiyo inafika kama mAh 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba), basi. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha pale ulipoitoa. Hata mAh si zote, kuna ampea ambazo betri inaweza kutoa bila kupata moto, na mashine kubwa inazitaka nyingi.

Kuna mteja aliniletea mashine akasema inachoma mkono. Nikatoa betri: plastiki yake imechanika pale juu, karibu na kichwa cha chanya. Watu hawajui kwamba mwili wote wa ile betri ni hasi, pamoja na ile pete inayozunguka kichwa. Kinachotenganisha hasi na chanya hapo juu ni kipande chembamba cha plastiki. Chuma kikigusa pande zote mbili, ni shoti. Kuiweka mfukoni na funguo au sarafu ni hatari ile ile. Nunua kiboksi cha plastiki, ni pesa kidogo sana. Kwa mtu wa ghalani mimi naungana na dada: betri ya ndani.

Mpemba wa Sharjah
Asalaam aleikum. Nyongeza kwa wasafiri. Huku Imarati vepu zimeruhusiwa kuuzwa tangu 2019, lakini jirani zetu Oman wamezipiga marufuku. Nikienda Maskati kwa ami zangu kifaa kinabaki nyumbani, natafuna bigijii ya nikotini mpaka nirudi. Wanaopitia Uganda nao wajue, sheria yao ya tumbaku ya 2015 imezikataza. Kwenye ndege kifaa na betri unaingia navyo ndani, haviruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhi. Podi iache tupu, maana ndege ikipanda hewa iliyo ndani ya podi inatanuka na kusukuma juisi nje. Kanzu nyeupe haina siri.

Muuguzi Mwanza
Sihubiri, kijana, mama yako anatosha. Mvuke hauna lami wala ile kaboni monoksidi ya kitu kinachoungua, kwa hiyo aliyekuwa anavuta sigara na akahama moja kwa moja amepunguza madhara. Anayevuta vyote viwili bado anakula moshi ule ule. Na kwa asiyewahi kuvuta hakuna daraja la kupanda hapa. Nasema hivyo kwa sababu huku mjini naona watoto wa sekondari wananing'iniza hivyo vidude shingoni kama mapambo.

Podi zilizojazwa tayari na mtu usiyemjua, kataa. Marekani kati ya 2019 na mwanzoni mwa 2020 walilazwa au kufariki watu zaidi ya 2,800 kwa mapafu kuharibika, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi ya mtaani. Mwisho, chupa ya juisi ifungie kabatini. Inanukia embe na peremende, na mtoto mdogo akiinywa hiyo ni kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto wa Kinondoni
Nashukuru sana wakuu. Lidude nimeachana nalo. Nimechukua kifaa chembamba, koili ya ohm 0.8, juisi nusu kwa nusu, chumvi ya 20. Chaji inavuka zamu nzima ya usiku. Kinachonikera ni kwamba koili haimalizi wiki, inakuwa nyeusi na ladha inakufa. Nimenunua ile juisi ya stroberi na barafu, kama niliyozoea.

Fundi wa Luthuli
Ni utamu huo. Wanatia sukralosi, ile sukari bandia, inagandia kwenye waya. Jaribu mnanaa wa kawaida au tumbaku isiyo na utamu, koili itakaa.

Dada Mkubwa Manchester
Mnanaa, sawa. Ya tumbaku mwache kwanza, mume wangu ilimkumbusha pakiti.