Tupeane uzoefu: kikao cha uso kwa uso kazini kimewahi kukufaa nini?

Kijana wa Kampemba
Wandugu wa Lushi, yaani Lubumbashi, na wa kwingine Kongo, jambo yenu. Ofisi yetu kubwa iko Kinshasa, sisi huku ni watu wachache tu. Wamepitisha kwamba kikao cha Jumatatu kiwe cha kwenye simu, kila mtu na kioo chake, ili kuokoa feza. Nusu ya buro imefurahi, nusu imenuna. Kabla sijachagua upande, nataka visa vyenu. Visa, si hotuba: mlikaa pamoja, au mlikataa kukaa, ikawaje?

Mzee wa Mgodi
Miye natumika mgodini upande wa Kolwezi. Kila zamu tunaanza na dakika 15 za usalama, tumesimama duara, kofia kichwani. Wakati wa corona walijaribu kututumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp badala ya kutukusanya. Ile sauti ilisema yote yanayotakiwa, siwezi kudanganya. Ila shefu wa timu pale kwenye duara hafanyi kazi ya kusema peke yake, anatembeza macho. Tuliporudi kusimama, asubuhi moja alimuuliza dereva wa lori kubwa kama amelala. "Nimelala, shefu," kajibu vizuri kabisa. Shefu akamwambia afunge kamba za kiatu. Jamaa kuinama, akayumba. Kumbe alitoka kilioni, amekesha usiku kucha. Lori hakulipanda siku ile. Kwenye simu angetuma kidole gumba, na sisi tungeteremka naye shimoni.

Mama Forodha
Niko Kasumbalesa, napitisha mizigo ya watu. Kuna mteja wa ng'ambo ya Zambia tuligombana naye kwa ujumbe muda mrefu: lori limekwama mpakani, nani alipe siku za kusimama? Kadiri tulivyoandikiana ndivyo maneno yalivyozidi kuwa makali, mwisho tukawa tunajibizana kwa herufi kubwa. Basi akachoka, akavuka, akaja kuketi mbele yangu. Kila mmoja akatoa makaratasi yake. Alipoweka kidole kwenye namba ya lori ndipo nikashtuka: yeye anadai la kwake, mimi nalilia jingine kabisa la kampuni ileile! Tulicheka mpaka machozi. Deni lilikuwepo, na lililipwa, ila si lile tulilokuwa tunatukanania.

Yaya wa Annexe
Mmesimulia vizuri, lakini ngoja niwaharibie. Kwetu kikao kilikuwa kinaitwa saa kumi na nusu jioni. Nakaa Annexe, nina watoto. Nikitoka pale ni Hiace mbili na giza limeshaingia, nauli yangu mwenyewe. Ndani ya kikao wanaongea wanaume wanne walewale. Nikifungua mdomo, nakatwa. Halafu wakitoka hapo wanaenda kunywa kwenye terasi, na asubuhi nakuta tulichokubaliana kimegeuka. Huo uso kwa uso ulikuwa wa nani na nani? Tangu tuhamie kwenye kundi la WhatsApp, naandika hoja yangu mpaka nukta ya mwisho, na hakuna wa kusema hakuisikia. Ratiba ya likizo tunayofuata sasa niliiandika mimi. Kwenye meza ile isingefika popote.

Kijana wa Kampemba
Yaya, umenigusa. Habari ya nauli hakuna hata mmoja aliyeitaja hapa ofisini, hata sisi tunaopigania kuketi.

Mhasibu Mchovu
Asasi ndogo, bosi yuko Kinshasa, sisi Lubumbashi. Kinshasa wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo "kikao saa tatu" kila mara tunauliza: saa tatu ya nani? Mwaka wa ngapi huu tunauliza. Tunatumia Zoom ya bure, ambayo inakata ikifika dakika ya 40. Bosi amejifunza kuleta mambo ya mishahara dakika ya 38. Ikikatika, nusu hawarudi: mega za intaneti zimeisha, au umeme umeenda. Sijui kama anafanya kusudi. Nadhani anafanya kusudi.

Kofia Nyeusi
Kwetu watu wanakuja kwa ajili ya soda na mandazi. Msituguse.

Assistant wa Chuo
Nisamehewe, mimi ni mtu wa vitabu. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Melanie Brucks na Jonathan Levav. Waliwapanga watu wawili wawili watunge mawazo mapya, wengine wakiwa chumba kimoja, wengine kwa video. Wa video walitoa mawazo machache zaidi, kwa sababu macho yao yalinasa kwenye kioo. Lakini ilipofika kuchagua wazo lipi ni zuri, hawakupitwa. Kwa hiyo papa Mgodi na Yaya hamgombani kabisa. Kuna kazi inayotaka chumba, na kuna inayomalizika kwenye simu. Kwangu, kusomeana ripoti ambayo kila mtu anayo mkononi kusimtoe mtu nyumbani.

Mkaaji wa Birere
Salamu toka Goma. Sisi simu hatukuichagua. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga, wenzetu wakatawanyika: mmoja Kinshasa, mwingine Bukavu, mwingine amevuka mpaka, yuko Gisenyi, Rwanda. Kazi inaendelea hivyo hivyo. Nilichokiona ni hiki: sisi tuliokaa buro moja miaka, mmoja akichelewesha ripoti tunasema labda ni mtandao. Kuna mama aliyeajiriwa baadaye, hatujawahi kukutana naye, kazi yake safi kuliko yetu. Akichelewa yeye, kundi linanyamaza, na unajua watu wanafikiri nini. Ni kosa lile lile. Sisi tunaishi kwa imani tuliyoiweka zamani tukila pamoja mchana, yeye hakuikuta.

Mama Forodha
Pole sana ndugu yangu. Mlimsaidiaje?

Mkaaji wa Birere
Aksanti mama. Tulimwomba ampigie kila mmoja wetu peke yake, bila ajenda, kuulizana habari za nyumbani tu. Imesaidia kiasi. Bado ripoti yake inasubiriwa kwa saa mkononi.

Kijana wa Kampemba
Nimeandika barua kwa Kinshasa: Jumatatu ya kwanza ya mwezi tuketi, saa tatu ya Lubumbashi. Zile zingine tubaki na simu. Wageni wote wapya waketi nasi wiki ya kwanza. Nauli nimeitia pia.

Yaya wa Annexe
Andika itolewe mlangoni, mkononi, si "tutaona mwisho wa mwezi". Na walichoamua kisomwe na kutiwa sahihi kabla mtu hajashika chupa.