Vivinjari vinavyoficha vitufe vinawaumiza wateja wetu wa saiba

Wanajukwaa wenzangu,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nimeendesha saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, kwa miaka kadhaa, na wengi wanaoingia mlangoni mwangu ni watu wanaogusa kompyuta mara mbili au tatu kwa mwaka: mama wa chama anayetafuta cheti cha PIN, ile nambari ya mlipa ushuru, mzee anayetaka kujaza ritani za ushuru kabla ya tarehe 30 Juni, kijana anayeomba mkopo wa masomo wa HELB. Hao ndio wanaoteseka kila mara mbunifu fulani anapoamua kwamba dirisha la kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, litapendeza zaidi likiondolewa kitufe kingine.

Wiki iliyopita mama mmoja alitoka Ahero kwa matatu ya asubuhi ili apakue cheti kimoja tu na kukichapisha. Zamani, faili ikishapakuliwa, jina lake lilikaa kwenye upau, yaani ukanda mwembamba, chini ya dirisha hadi mtu alibofye au alifunge mwenyewe. Toleo jipya la kivinjari tunachotumia, ambalo lilijisakinisha bila kuniuliza, limeuondoa upau huo, na badala yake pana kishale kidogo juu upande wa kulia, ambacho hujitokeza kwa muda kisha hutoweka. Mama alibofya, akangoja, hakuona kitu, akabofya tena. Nilipotoka kwenye mashine ya fotokopi nilikuta nakala sita za cheti hicho, naye akaniambia kwa unyonge, "Mwanangu, hii mashine imenikataa." Haikuwa imemkataa hata kidogo, ilikuwa imemtimizia ombi lake mara sita na kunyamaza.

Na nakala hizo sita, zenye jina lake na nambari yake ya PIN, zingebaki ndani ya kompyuta ambayo mteja mwingine alikuwa akiisubiri. Kila jioni ninafuta folda za mashine zote nane, na kila jioni ninakuta vitambulisho, barua za kazi na hata matokeo ya hospitali ya watu walioondoka wakiamini kwamba hawakuacha chochote. Mtu hawezi kufuta kitu ambacho hajui kipo.

Ninajua hoja ya upande wa pili, na sehemu yake ni ya kweli. Internet Explorer 7, kivinjari cha Microsoft, ilipoficha upau wa menyu mwaka 2006, na Google ilipotoa kivinjari chake cha Chrome mwezi Septemba 2008 ikiwa na kisanduku kimoja cha anwani na utafutaji, madirisha ya wakati ule yalikuwa yamejazwa pau juu ya pau, hadi ukurasa wenyewe ukabanwa. Mashine zangu nyingi zina skrini za pikseli 1366 kwa 768, na kwenye skrini fupi namna hiyo kila mstari unaoondolewa juu humpa msomaji mistari miwili ya fomu yake. Siombi turudishiwe msongamano ule. Ninachopinga ni mazoea ya kuhesabu nafasi iliyookolewa huku hakuna anayehesabu muda anaopoteza mtu asiyejua kwamba menyu ya kivinjari cha Firefox kwenye Windows, iliyofichwa tangu toleo la 4 mwaka 2011, huletwa kwa kubonyeza kitufe cha Alt kwenye kibodi. Mzoefu hukumbuka kilipo kitu hata kikifichwa, lakini mgeni hutegemea macho yake tu, kwa hiyo kila kinachofichwa huondolewa kwake kwanza.

Suala la anwani ndilo linalonichoma zaidi. Ninawafundisha wateja wangu kusoma anwani yote ya tovuti ya serikali kabla ya kuandika nywila, na kuhakikisha kwamba jina la tovuti linaishia kwa .go.ke. Somo hilo linahitaji anwani ionekane. Mwaka 2018 Chrome ilianza kuficha "www", na mwaka 2020 ikajaribu kuonyesha jina la tovuti peke yake kwa nia ya kuwakinga watu dhidi ya tovuti bandia, jaribio ambalo liliachwa mwaka uliofuata kwa sababu vipimo vya usalama havikubadilika. Kuhusu kile kifuli kando ya anwani ambacho Chrome ilikiondoa mwaka 2023 sina ugomvi mkubwa, kwani watu walikidhani kuwa ithibati ya uaminifu ilhali hata tapeli anaweza kukipata. Lakini alama iliyochukua nafasi yake, vijistari viwili vyenye vitone, sijaona mteja hata mmoja aliyeielewa bila kuelezwa. Kwenye simu nyingi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukiusogeza ukurasa kidogo tu anwani yote huondoka machoni.

Malalamiko yana kazi, msinikatishe tamaa. Apple ilipoihamisha sehemu ya anwani hadi chini ya skrini ya iPhone mwaka 2021, watu walipiga kelele wakati wa majaribio, na toleo kamili likaja na chaguo la kuirudisha juu. Hilo ndilo ninalolidai kwa vivinjari vyote: kivinjari kikifunguliwa mara ya kwanza kimuulize mtumiaji kama anataka vitufe vyenye maneno au alama tupu, upau wa faili zilizopakuliwa uwe chaguo lisilozikwa ndani ya kurasa tatu za mipangilio, na toleo jipya lisihamishe kitu bila kumwonyesha mtu kimehamia wapi.

Kwa sasa nimebandika karatasi juu ya kila skrini, nimechora kishale kwa kalamu nyekundu na kuandika "FAILI YAKO IKO HAPA". Kama kuna mwenzetu anayeendesha saiba Nakuru, Kakamega au kwingineko na ameweza kukifanya kivinjari kifute faili zote kila mteja anapoinuka, bila kuiendea mashine moja moja, tafadhali aeleze hapa hatua kwa hatua.