Tupeane uzoefu: pilipili kali kwenye baridi na mvua, nani amefanikiwa na alifanyaje?

Mpanda Ndoo

Wadau habari zenu. Nina miche sita ya pilipili kwenye ndoo, mitatu pilipili mbuzi na mitatu pilipili kichaa. Nilipo mimi jua linachungulia na kurudi ndani, mvua ni ya karibu kila siku na usiku huwezi kukaa nje bila sweta. Miche imependeza, majani meusi kwa ukijani na yanang'aa, wageni wakija wananisifu. Maua nayo yapo. Ila kila asubuhi nayakuta chini. Kikonyo kinageuka njano pale kwenye fundo, ukigusa tu ua linabaki kwenye vidole. Leo nimehesabu maua 23 sakafuni. Tunda, hata moja. Na huu ni mwaka wa tatu.

Maelezo ya nyuma ya pakiti ya mbegu nimeyasoma, msinirudishe huko. Namtaka mtu aliyepanda kwenye baridi na mvua aniambie alikosea wapi na nini kilimwokoa. Walioshindwa pia semeni, nitapata wenzangu.

Baba Kibaraza

Mkuu, hiyo hadithi ni yangu kabisa. Mimi nilikuwa naamini mchana. Mchana palikuwa na nyuzi 21, 22, nikajiuliza hizi pilipili zinanidai nini tena? Siku moja nikanunua kile kipimajoto kinachobakiza alama ya joto la juu kabisa na la chini kabisa. Asubuhi nikakuta 10. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua haifanyi kazi vizuri, ua halishiki, mmea unalitupa. Hauumwi. Unakataa tu kubeba mzigo.

Nilipanga ndoo zote kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukuta unakunywa joto mchana na kulitema usiku. Halafu nikaziinua juu ya vipande vya mbao, maana sakafu ya saruji inanyonya joto la mizizi usiku kucha. Usiku mkali natupia shuka kuukuu. Kile kipimajoto hakijawahi kunionyesha zaidi ya 14 usiku, lakini hiyo 14 ilitosha. Wiki ya tatu nikaona vitunda vinne, ukubwa wa punje ya mtama.

Kidole Kikavu

Na uyatikise hayo maua. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe, ila linahitaji upepo au mdudu wa kulistua, na siku za mvua nyuki hawatoki. Mimi saa tano asubuhi, unyevu ukishakauka, napiga shina kwa kidole mara tatu nne. Zamani nilitumia brashi ya rangi ya maji, nikaona najichosha.

Mama Miche

Mpanda Ndoo, kabla hatujaenda mbali: unamwagilia mara ngapi, na hizo ndoo umezitoboa wapi?

Mpanda Ndoo

Kila jioni nikitoka kazini, kikombe kimoja kila ndoo. Siku ya mvua naacha. Matundu ni mawili, pembeni, kama vidole vitatu kutoka chini.

Mama Miche

Nilijua. Basi hapo chini ya matundu una kisima mwanangu.

Mwaka wangu wa kwanza mche mmoja ulianza kunyauka mchana. Nikadhani una kiu, nikauongezea maji. Ukazidi kunyauka, nikaongeza tena. Nilipouchomoa, udongo ulitoka mzima umeshika umbo la ndoo, na chini unanuka kama chombo cha maua kilichosahaulika. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Nikivuta mmoja, ganda linateleza kama soksi na mkononi unabaki uzi. Mche ulikuwa unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji, kwa sababu mzizi uliooza haunywi kitu.

Tangu siku hiyo simwagilii kwa saa wala kwa kalenda. Nainua ndoo. Ikiwa nyepesi mpaka mkono unashtuka, ndipo namwagilia, asubuhi, hadi maji yachuruzike chini, kisha naiacha. Kwenye mawingu nakaa siku saba, nane, bila tone, na pilipili haina neno. Majani yakilegea kidogo jioni si msiba, asubuhi yanasimama. Yakiwa yamelegea na udongo umelowa, hapo ndipo pa kuogopa.

Toboa chini kabisa, matundu sita saba. Theluthi ya udongo wako iwe mchanga wa chembe kubwa au kokoto ndogo, uchanganye wote, usimwage kokoto chini peke yake ukadhani umemaliza: maji yatatuama juu ya zile kokoto badala ya kushuka. Na mche mdogo usiuweke kwenye ndoo kubwa ukidhani unauhurumia. Udongo usio na mizizi haukauki, unakaa na ubaridi wake. Mimi naanza na kikopo, kisha chombo cha lita mbili, ndoo inakuja mwisho.

Kuhusu mvua yenyewe, paa la plastiki angavu juu ya vijiti vinne, pembeni wazi. Mara ya kwanza nilizungushia plastiki pande zote, nikajiona nimejenga kitalu nyumba. Ndani ya siku kumi maua yamevaa ukungu wa kijivu, ukipuliza unaruka vumbi. Hewa lazima ipite. Kuna vijidudu vya madoa ya majani ambavyo vinasafiri kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka udongoni, kwa hiyo majani ya chini kabisa yanayogusa udongo nayatoa.

Mpanda Ndoo

Nimetoka kuinua sasa hivi. Ina uzito wa mtoto wa miaka miwili aliyesusa. Kesho natoboa.

Shamba la Dirishani

Mimi hayo majani meusi yanayong'aa ndiyo yamenitia wasiwasi. Unaweka nini?

Mpanda Ndoo

Samadi ya kuku. Kila wiki mbili.

Shamba la Dirishani

Acha! Unalima mboga ya majani. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na pilipili ikishiba naitrojeni inakuwa kama kijana anayelishwa bure, hana haraka ya kuanzisha familia. Nilikuwa na mche unanifika kifuani, matunda mawili. Sasa naweka mboji wakati wa kupandikiza, na maua yakianza nahamia mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Mtu wa Majivu

Ukisikia potasiamu usikimbilie jivu la kuni kwa ndoo nzima kama mimi. Kweli lina potasiamu, lakini linapunguza uchachu wa udongo kama chokaa, yaani pH inapanda. Pilipili inapenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6 hadi 6.8 hivi. Mimi niliweka konzi kila wiki, majani machanga yakageuka njano na mishipa ikabaki ya kijani. Madini ya chuma yapo kwenye udongo, ila pH ikipanda mmea hauwezi kuyachukua. Kijiko kimoja kwa msimu kinatosha, na sasa hata hicho nimeacha.

Dada wa Ruta

Nyie mnazungumzia maua, wengine tulifia kwenye mbegu. Mbegu za pilipili zinataka nyuzi 25 hadi 30 ili ziote vizuri. Kwenye chumba cha nyuzi 17 nilisubiri mwezi, nikafukua, nikakuta mbegu ziko vile vile, nyingine zimelainika. Mara ya pili niliweka trei juu ya ruta ya intaneti, ile inayopata joto mchana na usiku. Pilipili za kawaida zilitoka siku ya nane. Habanero, jamii ya pilipili mbuzi, siku ya 19, na moja ya mwisho siku ya 31 nilipokuwa nimeshaisahau. Jamii hiyo ndivyo ilivyo, msitupe trei mapema.

Kosa langu lilikuja baadaye. Niliacha mfuniko wa plastiki juu hata baada ya miche kutoka, kwa kuihurumia. Asubuhi moja nikakuta imelala chini kama imekatwa na wembe, shina limebana na kuwa jembamba pale linapogusa udongo. Kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la miche michanga. Miche 14 ikabaki mitano. Siku hizi mche wa kwanza ukichungulia tu, mfuniko unatoka, na maji nayapitisha kwa chini, trei inakaa kwenye beseni dakika kumi basi.

Dirisha la siku za mawingu halitoshi pia, miche inarefuka na kulegea. Natumia taa ya LED, sentimita kama 15 juu ya miche, saa 14 kwa siku.

Kidole Kikavu

Na ukizitoa nje zitoe kidogo kidogo, wiki nzima hadi siku kumi. Saa moja kivulini, kesho mbili. Mimi niliona jua la kwanza la mwaka nikatoa yote. Jioni majani meupe kama karatasi.

Mzee wa Rokoto

Vijana, mnahangaika na mtoto wa watu. Habanero na ndugu zake ni Capsicum chinense, asili yao ni joto la Amazoni. Mnaileta kwenye ukungu halafu mnailaumu. Tafuteni rokoto, Capsicum pubescens. Inalimwa milimani Andes, Peru na Bolivia, imezoea ubaridi. Mtaitambua haraka: majani yana manyoya, maua ya zambarau, mbegu nyeusi tititi. Ninayo miwili, mmoja una mwaka wa tano, shina lake gumu kama la mti. Nyuzi 10 za usiku zinazoangusha maua yenu, miche yangu inayashikilia yake. Barafu tu ndiyo haiwezi.

Nisiwadanganye, ina kasoro zake. Inachelewa sana. Nilisia mwanzoni mwa mwaka, tunda jekundu la kwanza likaja mwaka umeshakatika. Mche mmoja ukiwa peke yake mara nyingi hauzai vizuri, pandeni miwili. Na nyama yake ni nene, ukijaribu kuikausha kwenye hewa ya unyevu inaoza kwa ndani huku nje inang'aa.

Mama Miche

Mzee shikamoo. Mimi rokoto ilinishinda wakati wa joto, inanuna. Lakini kwa Mpanda Ndoo naona inafaa.

Baba Kibaraza

Kuna mwenye dawa ya matunda kuoza kitako? Yangu yalishika vizuri, kisha ncha ikaingia doa la kahawia, kavu kama ngozi. Nimeponda maganda ya mayai nimeweka, hakuna kitu.

Mtu wa Majivu

Ganda la yai linachukua muda mrefu mno kuoza, msimu huu halikusaidii. Tunda huoza kitako likikosa kalisi (kalsiamu), na mara nyingi ipo udongoni, ila haifiki kwenye tunda. Inasafiri na maji, sasa mmea ukikauka sana kisha ukamiminiwa, au hewa ikiwa na unyevu mwingi majani yasipumue, kalisi inakwama njiani. Mimi nilisawazisha maji na kuipanua nafasi kati ya ndoo. Matunda ya kwanza niliyatupa, yaliyofuata yalikuwa salama.

Shina Kavu

Nimesoma yote, sijaona aliyetaja jambo lililonisaidia kuliko mengine. Pilipili si ya msimu mmoja! Ni mmea wa miaka, baridi ndiyo inayoiua. Miaka mitatu nilisia upya kila mara, matunda yanakuja mwishoni baridi imeshafika, yanaganda ya kijani. Mwaka wa nne, kabla baridi haijakaza, nilikata mche ukabaki kijiti cha sentimita 20 chenye matawi mawili, nikatoa majani yote, nikaosha mizizi na kubadilisha udongo, nikauweka ndani penye nyuzi 12 hivi. Maji kikombe kila baada ya wiki tatu. Mke wangu aliuliza mara mbili kwa nini nafuga kuni.

Joto liliporudi kijiti kikatoa vichipukizi kwenye kila fundo. Miche mipya ya mwaka ule ilikuwa na majani sita, huyu mzee anatoa maua. Alinizalia pilipili 80 na zaidi, nikaacha kuhesabu.

Angalizo: vidukari. Huko ndani hakuna mvua ya kuwaosha wala wadudu wa kuwala. Geuza jani, wamejipanga kwenye mshipa wa katikati. Maji yenye sabuni kidogo, chini ya majani, rudia kila baada ya siku nne tano. Mara moja haitoshi kamwe.

Dada wa Ruta

Hongera. Ulizitoa mbegu zake kwa mikono mitupu?

Shina Kavu

Nilitoa, kisha nikafikicha jicho. Maji yalizidisha moto tu, kile kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Mikono ilipona kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni. Na sikujua kuwa ukali unakaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, wala si kwenye mbegu. Kucha zangu ziliwaka mpaka usiku.

Mpanda Ndoo

Wadau, wiki ya saba leo. Nilitoboa ndoo zote, maji yaliyotoka ya kwanza yalikuwa meusi na yananuka. Mche mmoja wa pilipili mbuzi mizizi ilikuwa imeshakwenda, nimeutupa. Samadi nimeacha. Mitano ipo ukutani juu ya mbao, nimeweka paa la plastiki, usiku kipimajoto kinaniambia 13, 14. Wiki mbili za kwanza maua yakaendelea kuanguka nikawatukana kimoyomoyo, mnisamehe. Sasa pilipili kichaa zina matunda, nimehesabu 31 kwenye mche mmoja. Pilipili mbuzi mmoja una manne. Tatizo yamefika ukubwa wake na yamegoma kuiva, siku 20 ni ya kijani tu. Nichume niyaivishe ndani?

Mama Miche

Usichume! Tunda la pilipili likichumwa la kijani kabisa mara nyingi linanywea tu, halikomai. Subiri uone hata doa moja la rangi, hapo ukichuma litamalizia ndani. Kwenye ubaridi rangi inachelewa.

Mpanda Ndoo

Siku tano baadaye: moja lina mstari wa rangi ya chungwa ubavuni, upande ule unaoutazama ukuta. Sijaligusa.