Betri ya sola inazima kabla ya wakati: nidai kwa muuzaji, kwa mtengenezaji, au nibadilishe seli?

Mwangaza_Tele

Wakuu, heshima zenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na madai ya waranti za betri za sola za nyumbani.

Nina betri mbili za lithiamu za ukutani, aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), kila moja volti 51.2 na Ah 100 (ampea-saa), yaani uniti 5 na ushee. Zimefungwa sambamba kwenye inveta moja. Ziko mwaka wa nne na waranti ni ya miaka 10. Siku hizi mfumo unazima usiku wakati skrini bado inaonyesha asilimia 35 au 40. Haushuki taratibu, nyumba nzima inaingia giza kwa mpigo. Nikichungulia kwenye programu ya simu, betri ya pili ina seli moja, namba 11, inayoporomoka hadi volti 2.6 huku nyingine 15 zikiwa 3.2.

Naona njia tatu: kurudi kwa aliyeniuzia na kunifungia, kumwandikia mtengenezaji moja kwa moja, au kuachana na waranti nimpe fundi abadilishe hiyo seli. Ipi ina nafuu? Nawasilisha.

FundiBetri

Mkuu, kabla ya kuchagua mlango wa kubisha, jua kwanza unadai nini. Waranti za betri za lithiamu kwa kawaida zina ahadi mbili ndani ya karatasi moja. Ya kwanza ni ubovu wa utengenezaji. Ya pili ni uwezo: kwamba mwisho wa miaka 10 betri itakuwa bado na asilimia 70 ya uwezo wake, kampuni nyingine huandika 60, au hadi itakapopitisha kiasi fulani cha umeme, chochote kitakachotangulia.

Watu wanaandika "betri yangu imeshuka uwezo" na hapo hapo wanajifunga. Anayepokea dai anafungua ile ahadi ya pili, anaomba vipimo, anakuta betri inatoa asilimia 74, anajibu kwamba iko juu ya kiwango. Faili limefungwa, na betri inaendelea kukuzimia usiku.

Kwa maelezo yako, tatizo si kushuka uwezo. Seli 15 ni nzima, moja inaanguka, na BMS, yaani saketi ya ndani inayosimamia na kulinda betri, inakata umeme ili kuilinda. Dai lako liwe la ubovu wa bidhaa.

Ila hakikisha ni mbovu kweli, isije ikawa imepishana tu na wenzake. BMS nyingi husawazisha seli zikiwa zimekaribia kujaa, kuanzia takriban volti 3.4, tena kwa mkondo mdogo sana. Nyumba ambayo betri zake hazijai kwa wiki kadhaa, seli huachana polepole. Hata ile asilimia ya kwenye skrini hupotea njia, kwa sababu volti za LFP hazibadiliki sana kati ya kujaa na kuisha, na BMS hujirekebisha hesabu pale betri inapojaa kabisa. Kwa hiyo ziache zijae na zikae hapo saa kadhaa, siku kadhaa mfululizo, huku ukiitazama namba 11.

Ikiwa ya kwanza kushuka unapotumia na pia ya kwanza kupanda unapochaji, ujazo wake umepungua, hiyo haiponi. Ikiwa ya kwanza kushuka lakini ya mwisho kupanda, imeachwa nyuma tu na inaweza kurudi. Ikirudi halafu ikaachwa tena haraka, inavuja chaji kwa ndani, na huo nao ni ubovu wa kudai. Piga picha ya skrini kila hatua, tarehe na saa vionekane.

Bi_Mahesabu

Nakubaliana na FundiBetri. Mimi niongezee upande wa karatasi.

Kwa kawaida pesa yako ilikwenda kwa muuzaji, si kwa mtengenezaji, kwa hiyo mkataba wa mauzo ni wako na muuzaji. Sehemu nyingi sheria inambana yeye kwanza. Mfano, katika Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa kwa angalau miaka 2 tangu alipokukabidhi. Baada ya hapo unabaki na waranti ya hiari ya mtengenezaji, na hiyo inafuata maneno yake yeye. Wewe uko mwaka wa nne, kwa hiyo kila neno la karatasi ile lina uzito.

Tafuta mistari inayosema nani analipa usafiri na kazi ya kufungua na kufunga upya. Waranti nyingi zinakupa kifaa tu. Kisha angalia utapewa nini: matengenezo, betri nyingine, au fidia inayokatwa kwa miaka uliyokwisha kutumia. Na ukipewa betri nyingine, mara nyingi huruhusiwa kuwa iliyokarabatiwa, tena inabeba muda uliobaki wa ile ya zamani. Miaka 10 haianzi upya. Watu hushangaa sana hapa, lakini imeandikwa.

Halafu kile kiasi cha umeme. Betri ya uniti 5 ikijaa na kuisha mara moja kila siku inapitisha uniti 1,825 kwa mwaka. Karatasi ikisema mwisho ni uniti 15,000, umefika mwisho mwaka wa tisa ukiwa umeanza tu. Mwenye mizigo mizito anayezungusha betri zaidi ya mara moja kwa siku anafika mapema zaidi. Soma jumla hiyo kwenye programu sasa hivi na uiandike kwenye dai, usingoje wakuhesabie wao.

Kisiwa_Chetu

Mimi natetea mtengenezaji moja kwa moja. Aliyenifungia mfumo alishafunga biashara, simu haipatikani. Niliandika kwa kampuni, wakanijibu nirudi kwa muuzaji. Nikawatumia ushahidi kwamba hayupo tena na nikaomba wanitajie wakala mwingine aliyeidhinishwa. Hapo ndipo mambo yakaanza kwenda.

Walichotaka: ankara, namba ya seriali pamoja na picha ya kibandiko chenyewe, picha ya ukuta na nafasi iliyozunguka betri, mipangilio ya inveta, na kumbukumbu za BMS. Picha ya ukuta usiidharau. Wanatafuta jua la moja kwa moja, maji, joto, betri iliyobanwa bila hewa. Kwenye mipangilio wanatazama volti ya kuchajia, kikomo cha mkondo, na kama inveta iko kwenye orodha waliyoiidhinisha na inawasiliana na betri kwa waya.

Lingine wanalosahau wengi ni usafiri. Betri moja ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 45 hadi 50, na lithiamu husafirishwa kama bidhaa hatari, namba UN 3480. Ikiwa na kasoro inayoweza kuleta hatari ya moto, haipandi ndege kabisa. Ndiyo maana uchunguzi mwingi unamalizwa kwa kumbukumbu bila betri kuondoka nyumbani kwako. Mwenye kumbukumbu nzuri ana nguvu.

Mzee_Volti

Vijana, na mimi niseme. Njia ya tatu ina hoja yake. Dai linaweza kukaa mezani kwa watu wiki nyingi, na mtu ana friji ya dawa au watoto wanaosoma usiku. Seli moja ya LFP inapatikana, fundi mzuri anaifunga, umeme unarudi.

FundiBetri

Shikamoo Mzee. Hoja ya kungoja naielewa, lakini kwa mwaka wa nne kati ya 10 siwezi kuishauri. Ukivunja lakiri ya kasha, waranti imekwisha kwa betri nzima, pamoja na zile seli 15 na BMS yake. Pili, seli za ndani zilichaguliwa zikilingana ujazo na ukinzani. Seli mpya katikati ya zilizochoka itaishi maisha yake peke yake, na utarudi pale pale kwenye kupishana.

La tatu ndilo linalonipa hofu zaidi. Seli hazina swichi. Ukizima breka, bado ndani ya kasha kuna volti 50 na zaidi kati ya ncha na ncha, na spana ikidondoka kati ya vyuma viwili unapata mkondo wa maelfu ya ampea. Chuma kinayeyuka na kurukia uso. Betri nyingi pia vyuma vyake vimechomelewa kwa leza, havina boti za kufungua. Baada ya waranti kuisha, kwa fundi mwenye vifaa na glavu, tuzungumze. Kabla ya hapo, hapana.

Mzee_Volti

Marahaba. Kwa hilo la lakiri umenishinda.

Tua_Mzigo

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Sisi wenye betri za asidi za kujaza maji tuna haki yoyote? Mimi niliambiwa "umezitumia vibaya" wakaishia hapo.

FundiBetri

Mnayo, ingawa muda wake huwa mfupi zaidi. Nunua haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi, chaji hadi zijae, pima kila tundu. Tundu lililojaa husoma karibu 1.265. Yote yakisoma chini kwa pamoja, betri haikuwa inachajiwa vya kutosha, salfeti imeganda kwenye sahani, na hilo watalihesabu ni matumizi. Lakini matano yakiwa mazuri na moja liko chini kwa zaidi ya 0.050, hapo una tundu bovu na una dai. Jibu la "umezitumia vibaya" halielezi kwa nini matundu matano yaliyotumika vile vile ni mazima. Waulize hivyo hivyo, kwa maandishi.

Bi_Mahesabu

Naomba tusisahau mlango wa nne, ambao hauhusiani na waranti: mtengenezaji kuzirudisha betri mwenyewe kwa sababu za usalama. Desemba 2020 LG Energy Solution ilitangaza Marekani kuzirudisha betri za nyumbani za RESU 10H kwa hatari ya kushika moto, na mwaka 2021 ikapanua zoezi hilo. Wenye betri hizo hawakutakiwa kuthibitisha kushuka uwezo. Kilichoamua ni namba ya seriali. Kwa hiyo kabla ya kuandika dai, ingiza namba yako kwenye ukurasa wa mtengenezaji na wa mamlaka ya usalama wa bidhaa. Ni kazi ya dakika chache.

Na ukubwa wa miaka usikupumbaze. Waranti ina nguvu ya kampuni iliyoitoa tu. Aquion Energy ya Marekani, waliokuwa wakitengeneza betri za maji ya chumvi, waliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2017. Redflow ya Australia iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2024. Kampuni ikishafika huko, anayedai betri anapanga foleni na wadai wengine. Ndiyo sababu kubwa ya kutokaa na dai mkononi ukisubiri hali izidi kuwa mbaya ili ushahidi uwe mzito.

Mwangaza_Tele

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimefuatilia namba 11 kama alivyoelekeza FundiBetri. Inachaji inafika 3.65 wakati nyingine zote ziko 3.38, betri inakataa kuendelea. Inapotumika ndiyo ya kwanza kuanguka. Siku zote hali ni hiyo hiyo. Namba ya seriali haimo kwenye orodha yoyote ya kurudishwa.

Nitaandika kwa muuzaji na nakala kwa mtengenezaji, barua moja, kichwa chake ubovu wa seli. Muuzaji tayari amenijibu kwa simu kwamba nipime uwezo kwanza. Nipime au nikatae?

FundiBetri

Pima, ila usiruhusu kipimo kibadilishe aina ya dai. Kwenye barua weka mstari huu: kipimo hiki kimeambatishwa kama ushahidi wa ubovu wa seli namba 11.

Jinsi ya kupima: jaza, iache itulie, halafu itoe kwa mzigo usiobadilika wa karibu ampea 20, yaani takriban kilowati moja, hadi BMS ikate. Chumba kiwe karibu nyuzi 25, maana baridi hupunguza kile LFP inachotoa. Betri nzima ya Ah 100 itachukua saa 5 hivi. Umeme uhesabiwe upande wa betri, si kwenye soketi. Inveta inakula sehemu yake, na ukipima kwenye soketi utapeleka namba ndogo kuliko ukweli, wataitumia kulitupa dai lote. Pima betri ya kwanza pia, peke yake, kwa mzigo ule ule. Zilinunuliwa pamoja, zimekaa ukuta mmoja, zimetumiwa na inveta moja. Ya kwanza ikitoa uniti 4.7 na ya pili 3, hoja ya matumizi mabaya haina pa kusimama.

Na baada ya barua, mpigie muuzaji simu kama kawaida, lakini kila mkimaliza mtumie ujumbe mfupi unaorudia mliyokubaliana.

Mwangaza_Tele

Sawa mkuu. Swali la mwisho: wakati nangoja, niendelee kutumia zote mbili?

FundiBetri

Hapana, itenge ya pili. Kama ndiyo iliyowekwa kuwa kiongozi, yaani inayowasiliana na inveta kwa niaba ya zote, hamisha uongozi kwa ya kwanza kufuatana na kitabu chake, la sivyo inveta itapoteza mawasiliano. Kisha punguza kikomo cha mkondo kwenye inveta kiendane na betri moja, na pasi na pampu zisiwake kwa pamoja.

Usiitenge ikiwa tupu. BMS inaendelea kula kidogo kidogo hata breka ikiwa imezimwa, na ile seli dhaifu ikishuka mno watasema umeiua kwa kuiacha bila chaji. Iache karibu nusu, itazame kila baada ya wiki chache, piga picha. Ikivimba, ikitoa harufu au ikipata joto wakati haina kazi, usiiwashe tena wala kuichaji, kaa mbali nayo, piga simu ya dharura ya zimamoto, na muuzaji ajulishwe siku hiyo hiyo.

Mbadala ukifika, zote mbili ziwe zimejaa na volti zilingane kabla hujaziunganisha. Tofauti ya volti moja tu kati ya betri mbili za lithiamu inatosha kusukuma mkondo wa kuogopesha pale breka inapopanda.