Mjadala: Jiwe la msingi liandikwe jina la nani?

Ndugu wachangiaji, ninaleta hoja ambayo husemwa chini chini katika vijiji vingi vya Tanzania kila mradi unapozinduliwa, lakini ni mara chache imejadiliwa waziwazi. Je, jiwe la zahanati, darasa au kisima kilichojengwa kwa nguvu za wananchi liendelee kubeba jina la mgeni rasmi peke yake, au liandikwe pia majina ya watu na vikundi vilivyojenga? Msimamo wangu ni kwamba waliojenga waandikwe kwanza, na jina la mgeni rasmi, kama lazima liwepo, lifuate chini yao.

Nilikuwepo siku zahanati ya kijiji nilikozaliwa ilipozinduliwa. Boma lake lilikuwa limesimama kwenye lenta kwa zaidi ya mwaka mmoja likisubiri bati kutoka halmashauri, na kabla ya hapo kila kitongoji kilikuwa na siku yake ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wanaume wakichimba msingi na kupasua mawe, wanawake wakipandisha maji kwa ndoo kutoka mtoni na mchanga kwa madebe. Kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa ndicho kilichowapikia mafundi kwa zamu tangu siku ya kwanza, na michango ilipokwama ndicho kilichofungua sanduku lake na kununua saruji, ilhali wanachama walikuwa wakisubiri mgawo wa mwisho wa mwaka. Siku ya uzinduzi kitambaa kilivutwa, jiwe la marumaru likaonekana, na juu yake kulikuwa na jina la mheshimiwa, cheo chake na tarehe. Akina mama wale walikuwa wamesimama juani, nje ya turubai, wakiwa na vitenge vya sare walivyoshona kwa ajili ya siku ile. Mweka hazina wao, ambaye hakusoma, alimwomba mtoto wa jirani amsomee jiwe. Mtoto alisoma lote. Mama akamuuliza, "Basi, imeishia hapo?" Mtoto akajibu kwamba imeishia hapo.

Sijasahau swali lile, wala sidhani kwamba lilikuwa swali la mtu anayetafuta sifa.

Wazee wengi ninaowaheshimu hunijibu kwa methali, "Tenda wema nenda zako", wakimaanisha kwamba anayejenga kwao hastahili kudai kutajwa. Nami nimelelewa na methali ile ile, lakini lugha hii hii imetuambia kwamba chanda chema huvikwa pete, na sioni kwa nini ya kwanza ikumbukwe kwa mwanakijiji na ya pili kwa kiongozi. Mtenda wema anaweza kwenda zake bila kudai chochote. Sisi tuliobaki na matunda ya wema wake ndio tunaowiwa kumtaja, hasa kwa kuwa mtoto anayeketi leo katika darasa hilo hana namna nyingine ya kujua kwamba tofali zile zilifyatuliwa na bibi yake.

Tumekwisha kuona jinsi kumbukumbu inavyopungua isipoandikwa. Dar es Salaam ina Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ni haki yake kabisa. Lakini Bibi Titi alipoanza mwaka 1955 kuwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, alipitia vikundi vya ngoma vya mjini, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Wanawake wale walikuwa tayari wanajuana, wanachangiana na kuzikana, na chama kilipata kwao mtandao ambao kisingeweza kuujenga kwa hotuba. Ni wangapi kati yetu tunaopita barabara ile kila siku tunaolijua jina la Bomba?

Wapo wanaosema kwamba kikundi hakiwezi kupewa heshima kwa sababu heshima inataka uso na jina moja. Ninawakumbusha Suledo, msitu wa vijiji wilayani Kiteto wenye zaidi ya hekta 160,000, ambao wanavijiji wenyewe waliamua kuulinda na kuusimamia. Mwaka 2002 jumuiya hiyo ilipewa Tuzo ya Equator inayoratibiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Jina lenyewe limeungwa kutokana na silabi za kwanza za Sunya, Lengatei na Dongo, kwa hiyo kila anayetamka Suledo anawataja wote bila kumtanguliza mmoja. Ikiwa watu wa mbali waliweza kuona jumuiya na kuiheshimu kama jumuiya, sisi tunaokaa nayo tunashindwaje?

Hoja nzito zaidi ni ya wivu na majungu. Inasemwa kwamba tukianza kuandika majina, ukoo huu utalalamika umeachwa na mtaa ule utadai umepunjwa, na jiwe litakuwa chanzo cha ugomvi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake tunayo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18, kuwa ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya jumla ya kijiji. Majina yasomwe hapo, mbele ya watu wanaojua nani alibeba mawe na nani alipita tu. Kumbukumbu nayo ipo: katika vijiji nilivyofika, mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji ana kaunta buku lenye kaya moja moja, siku zilizohudhuriwa na kilicholetwa, iwe tofali hamsini au debe la mahindi. Daftari hilo hutumika kuwasaka wasiochanga. Ninaomba litumike pia kuwashukuru waliochanga. Pale majina yanapozidi nafasi, yaandikwe ya vitongoji na vikundi, na orodha ya kaya ibandikwe ukutani ndani ya jengo.

Sidai kwamba jina la kiongozi halina kazi. Linaonyesha nani alikuwa na dhamana wakati ule, na mradi ukiharibika tunajua pa kuuliza. Mwenge wa Uhuru, ambao mbio zake zilianza mwaka 1964, umezindua miradi mingi na kuiachia mawe yenye tarehe ambazo ni sehemu ya historia yetu. Ninachokataa ni jiwe linalomfanya msomaji aamini kwamba jengo lilianza siku ile kitambaa kilipovutwa.

Bado kuna jambo moja linalonisumbua, na ndilo ninaloomba wenye uzoefu watusaidie. Msaragambo haukuwa wa hiari kila mahali. Wapo waliotozwa faini, na wapo waliochukuliwa kuku au jembe kwa kutofika, wengine wakiwa wagonjwa au wajane wenye watoto wadogo. Aliyebeba mawe kwa kuogopa faini bado aliyabeba, na kwa maoni yangu anastahili kuandikwa. Lakini yule aliyechukuliwa jembe lake, likauzwa, na fedha zake zikanunua misumari ya paa lile lile, tumwandike kama mchangiaji, tumwombe radhi kwanza, au tumwache nje ya orodha kama wengi wanavyotaka? Ninyi mliokaa katika kamati za ujenzi, mlipofika kwenye jina la mtu kama huyo mliamua nini, na yeye mwenyewe alisemaje?